Nilimalizia wimbo ambao kwetu haumaliziwi, sasa mama yangu ananiita mgeni

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu ni msomaji tu. Miaka nasoma nyuzi zenu, nacheka, nasikitika, naondoka bila hata kuacha like. Leo naandika kwa sababu kuna kitu kimenikaa kifuani, na hapa nilipo kila niliyemwambia ameshanichoka.

Haya yametokea kweli na bado yanaendelea. Anayetafuta chai, nyuzi za chai zimejaa humu, huu umruke.

Niko Bariadi, mtaa wa Somanda. Nina stationery karibu na njia ya kwenda hospitali. Natoa copy, naprint, napiga passport, nawajazia watu maombi ya ajira online. Niliolewa, nikaachika, mtoto sina. Maswali ya hapo pelekeni jukwaa la mahusiano.

Jina langu Kulwa. Kwa wasiojua, kwetu Usukumani mapacha wakizaliwa, anayetangulia kutoka anaitwa Kulwa na anayefuata anaitwa Doto. Doto wangu alifariki tukiwa hatujaanza hata kutembea. Simkumbuki hata kidogo. Ila jina hili huwezi kutembea nalo peke yake, kila ukijitambulisha mtu anauliza, na Doto yuko wapi? Najibu alishatangulia, kama ninavyojibu bei ya copy.

Aliyezaliwa baada yetu ni Shija, mdogo wangu wa kiume. Hilo nalo ni jina la anayefuata mapacha. Yeye ndiye anakaa na mama kijijini, Bukundi, kule Meatu. Baba alishafariki.

Basi familia ndiyo hiyo. Mama, mimi na Shija.

Sasa tuje kwenye ukulele.

Wengi mnaijua, kale kagitaa kadogo ka nyuzi nne. Niliagiza Dar, kakaja kwa basi kwenye boksi limeandikwa usikalie, na konda alikuwa amelikalia. Namshukuru Mungu hakakuvunjika. Wateja wakawa wananiuliza kama hilo gitaa bado linakua. Bodaboda wa kijiwe cha mbele wakanibatiza Mama Kigitaa, na mpaka leo wengine hawajui jina langu halisi.

Sikujali. Ndoa ilipovunjika nilibaki na muda mwingi ambao sikujua niuweke wapi. Nikajifunza chord moja moja kwenye simu, vidole vinawaka moto, mpaka nikaweza kuimba na kupiga kwa pamoja bila kusimama katikati.

Halafu nikapata group.

Linaitwa Nyuzi Nne. Ni watu wa mikoa yote, hakuna hata mmoja anayelipwa kwa kupiga. Kuna dereva wa lori, kuna nesi, kuna mwalimu wa chekechea, kuna baba mmoja mstaafu anayepiga akiwa amevaa tai. Kila Jumatatu Admin, dada mmoja wa Iringa, anatoa mada. Nyimbo za mvua. Nyimbo za safari. Nyimbo za kuomba msamaha. Wiki nzima mnarekodi cover zinazoendana na mada mnatuma.

Jumapili sasa ndiyo utamu wenyewe. Tunaiita marudio. Kila mtu anachagua wimbo wa mwenzake uliomgusa wiki ile, anaupiga kwa namna yake. Na kuna kautani ketu: kama wimbo una jina la mtu, ukiurudia unalitoa lile jina unaweka la kwako. Baba wa tai aliwahi kujiimbia wimbo mzima wa mapenzi, tukacheka mpaka machozi.

Nisiwafiche, lile group liliniokoa. Kuna siku nilikuwa sitaki kuamka, nakumbuka kwamba kuna mtu wa Tanga anasubiri video yangu, naamka naoga.

Jumatatu moja Admin akatoa mada: wimbo wa kwanza kuimbiwa maishani mwako.

Watu wakaanza kumwaga nyimbo za kubembeleza watoto. Mimi nikampigia mama.

Nyumbani tunaongea Kisukuma, hapa naandika Kiswahili ili wote tuelewane. Nikamuuliza, mayu, tulipokuwa wachanga ulikuwa unatuimbia nini? Mayu ndiyo mama kwa lugha ya kwetu.

Akasema, "Mlikuwa wawili, ng'wanone. Nilikuwa nachoka. Sikuimba."

Halafu akahamia kwenye habari za pamba, kwamba mwaka huu wadudu wamekula sana.

Hilo neno ng'wanone mlishike wakuu. Maana yake mwanangu. Mama hakuwahi kuniita Kulwa hata siku moja, jina hilo alikuwa analitumia tu akinitaja kwa watu wengine. Mimi kwake nilikuwa ng'wanone tangu napata akili.

Basi nikaenda kwa shangazi. Huyu ni dada wa baba yangu, anakaa hapa hapa Somanda, anauza dagaa. Nikamkuta anapepeta, nikamuuliza swali lile lile.

Shangazi akafikiri. Akasema wa kubembelezewa haukumbuki, lakini kuna wimbo mmoja niliimbiwa kweli, siku ya kumzika Doto. Ndugu wa mama waliuimba, mimi nikiwa nimebebwa mgongoni, na walikuwa wananigeukia mimi wanaimba.

Akauimba pale pale na ungo mkononi. Jamani, ule wimbo ni mzuri. Maneno yake ni machache sana, nikiyaleta kwa Kiswahili ni hivi:

Maji yamekwenda mtoni.
Moshi umekwenda juu.
Doto amekwenda kwao.
Na

Akaishia hapo kwenye "na".

Nikamuuliza, halafu? Akasema hakuna halafu. "Wale wa kwa mama yako walifika hapo wakanyamaza wote kwa pamoja. Mimi nilikuwa upande wa wapishi, sijui zaidi. Muulize mama yako."

Ningemuuliza siku ile, leo nisingekuwa naandika huu uzi.

Lakini nilijiambia, ya nini kumliza mama kwa ajili ya video. Pia nilijua nimeshaelewa. Niliona kabisa kwamba walishikwa na kilio wakashindwa kuendelea, na kwa kuwa shangazi alisikia mara ile moja tu, kwake wimbo ukabaki umekatika.

Nikarudi nyumbani nikaanza kuutafutia chord. Ulikaa kwenye C na F bila shida, ule mstari wa Doto unapita C, na lile "na" la mwisho linaangukia G7.

Wanaopiga chombo chochote hapa wananielewa. G7 hairuhusu mtu kukaa. Ukiishia pale ni kama umeinua mguu kushuka ngazi na hujakanyaga. Sikio linawasha. Linataka urudi C, nyumbani.

Nilijaribu kuuacha vile vile ulivyo. Nikashindwa. Nilirudia na kurudia, kila nikifika pale naona aibu, naona watu watadhani nimesahau.

Nikaumalizia mwenyewe. Kwani ni vigumu? Tulikuwa wawili. Nikaimba, "Na Kulwa naye", nikashuka C taratibu, nikaziacha nyuzi zilie mpaka ziishe.

Nilijisikia mjanja mimi. Nilijiona nimemkumbatia ndugu yangu kwa mara ya kwanza tangu tutengane.

Nilirekodi asubuhi kabla ya kufungua duka, nimevaa kanga, nyuma yangu kuna rimu za karatasi. Nikaandika chini kwamba huu ni wimbo nilioimbiwa alipozikwa pacha wangu. Nikatuma.

Sijawahi kupata mapokezi vile. Mstaafu wa tai alituma voice note analia. Nesi akasema amewasikilizisha wodi nzima. Admin akasema tangu aanzishe group hajawahi kusikia kitu kama hicho.

Jumapili ikafika, marudio. Karibu group zima lilichagua wimbo wangu.

Na kautani ketu si mnakajua. Kila mmoja akatoa Kulwa akaweka jina lake. Na Upendo naye. Na Musa naye. Na Baraka naye. Wengine wanatabasamu, mmoja kampakata mtoto wake, akaweka na jina la mtoto.

Kijana mmoja wa group anayejua kuedit akaziunganisha zote zikawa video moja, mimi nikiwa wa kwanza na wa mwisho. Ikatoka nje ya group. Mnajua mambo ya mtandao, ndani ya siku chache nikawa naona watu nisiowajua wanaimba kwa Kisukuma cha kubahatisha.

Nilifurahi wakuu. Bodaboda wa kijiweni waliacha kunicheka, wakawa wananiomba niwapigie.

Hapa nisimame kidogo, kuna mteja anataka vyeti vya mtoto vilaminetiwe.

Nimerudi.

Video ikafika Bukundi kwenye simu ya Shija. Aliyemtumia aliandika, huyu si dada yako? Shija akaona fahari. Mama alikuwa amekaa uani anachambua pamba, anatenga nyeupe na ile fifi, yenye madoa. Shija akachuchumaa pembeni yake, akaongeza sauti, akamwekea.

Hii sehemu naandika nilivyosimuliwa na Shija mwenyewe.

Anasema mama alipousikia mstari wa kwanza aliacha kuchambua. Akawa anaangalia simu bila kupepesa. Ilipofika kwenye "na", akainua mkono kama anayemzuia mtu asipite.

Halafu nikaimba jina langu.

Shija anasema mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani kamwambia amalizie?" Shija akasema sijui, na wakati huo video inaendelea, Upendo anaimba, Musa anaimba, wote wanamalizia. Mama akasikiliza mpaka mwisho, ambapo narudi mimi tena.

Akainuka. Akajifunga kanga kiunoni, akatoka nje ya uzio akakaa chini, miguu ameinyoosha, akaanza kulia kilio cha msiba.

Majirani wakaja mbio. Nani kafa? Mama akasema, "Kulwa."

Shija aliponipigia nilikuwa naprint CV ya mtu. Akasema dada, njoo nyumbani, watu wamekaa msiba wako.

Nilicheka. Naapa nilicheka. Nikasema mpe mama simu aongee na marehemu. Shija akampelekea. Nikasikia vilio nyuma, halafu mama akasema kwa adabu kabisa, "Asante kwa kutupa pole," akarudisha simu.

Kesho yake nikapanda gari mpaka Mwanhuzi, na kutoka pale bodaboda mpaka nyumbani. Njiani nilikuwa na hasira. Nilipanga maneno yote ya kumwambia, kwamba mimi ni mzima, nashikika, na amenitia aibu kijiji kizima.

Nilimkuta uani. Waliokuja msibani walishatawanyika. Nikapiga goti, nikasalimia, mwadila mayu.

Akaitikia vizuri. Akamwita Shija, "Mletee mgeni kigoda."

Nikasema mayu, ni mimi. Akasema, "Karibu. Umetoka mbali, pumzika kwanza." Akanipa maji ya kunywa kwa mikono miwili.

Nikasogea kwenye pamba nimsaidie kuchambua, kazi niliyoifanya naye utoto wangu wote. Akanishika mkono taratibu akautoa. "Acha. Mgeni hachambui pamba."

Maneno yangu yote niliyopanga njiani yaliisha hapo hapo. Nililia mbele yake kama mtoto. Akaniangalia kwa huruma kabisa, huruma ile unayompa mtu aliyefiwa usiyemjua, akaniambia nimtegemee Mungu.

Mjomba Masunga, kaka yake mama, alikuwa bado yupo. Ndiye aliyenichukua pembeni akanieleza. Nasisitiza, hii ni ya ukoo wa mama yangu, sisemi Wasukuma wote, asije mtu kunivamia kwenye comments.

Kwao pacha mmoja akifa, wanamgeukia aliyebaki wanamwimbia ule wimbo. Wanataja maji, wanataja moshi, wanamtaja aliyekwenda, halafu wanasema "na" wananyamaza. Jina lako haliitwi. Wimbo unaachwa wazi makusudi. Unaishi maisha yako yote ndani ya ule ukimya. Siku ukifa, hata ukiwa bibi wa miaka mingapi, ndugu wanauimba tena tangu mwanzo na ndipo wanakutaja, wanaufunga.

"Wewe umeufunga mwenyewe," mjomba akasema. "Kwa mdomo wako."

Nikamwambia mjomba, sikujua. Akasema anajua sikujua. Nikamuuliza sasa dawa yake nini, kama ni mbuzi nitanunua, kama ni kuku, kama ni kuomba radhi kaburini kwa Doto nipo tayari leo.

Akasema, "Hakuna dawa, mwanangu. Dawa hutafutwa kwa kosa ambalo watu wamewahi kulifanya. Hili halikuwahi kufanywa na mtu."

Nikamwambia basi angalau wewe unaniona ni mzima. Akasema ndiyo nakuona. Lakini niliona anaongea na mimi huku anaangalia pembeni.

Msifikiri nilikata tamaa haraka.

Nilirudi mjini nikaandika kwenye group nikaeleza yote. Watu waliumia sana. Admin alifuta video zote zilizokuwa kwenye group. Waliorudia wakafuta za kwao. Ila ile iliyounganishwa ilishakwenda kwa watu ambao hatuwajui, kila tukiomba ifutwe huku inaibuka kule. Mmoja alinijibu kwamba utamaduni ni wa wote na nisiwe mchoyo wa wimbo mtamu.

Nikampigia Shija amlete mama mjini kwa kisingizio cha macho. Kichwani mwangu nilishasema ni maradhi, uzee, kitu cha hospitali. Afadhali ingekuwa maradhi.

Mama akaja. Alifikia kwangu, akaja na jogoo mkononi, zawadi ya mtu anayekwenda kulala kwa watu. Hapo sasa mimi sikuwa mgeni tena, mgeni alikuwa yeye. Akawa ananiita mama, kwa heshima, kama unavyomwita mwanamke yeyote aliyekupokea nyumbani kwake.

Mzazi wangu ananiita mama. Naomba mtu aliyewahi kupitia hilo aniambie unalizoeaje.

Daktari alikuwa mpole. Alimuuliza leo siku gani, akajibu. Akamuuliza Rais ni nani, akajibu. Akamwambia ahesabu kurudi nyuma, mama hakusoma lakini amepima pamba miaka yote, alihesabu bila kukosea.

Akamuuliza ana watoto wangapi.

Mama akasema, "Nilizaa watatu. Mapacha wangu wametangulia. Amebaki huyu Shija."

Mimi nimekaa hapo hapo, nimeshika pochi yake.

Daktari akaniangalia, akaangalia cheti cha mama nilipoandikwa kama binti yake, akanitazama tena. Baadaye alinivuta nje akasema kwa vipimo vyake akili ya mama iko sawa. Alisema nimpe muda. Kila mtu ananiambia nimpe muda, kama vile muda uko kwenye droo yangu ya duka.

Katekista wetu naye alikuja. Mama ni mtu wa kanisa sana, msije mkadhani ni mtu wa mizimu. Wakasali pamoja, mama akaitikia amina kwa sauti, akajifuta machozi. Kisha akanigeukia akasema, "Asante mama, kwa kutuombea marehemu wetu."

Asubuhi ya kuondoka kwake nikapata wazo. Ndilo la mwisho nililokuwa nalo.

Niliwaza, kama wimbo ulifungwa kwa kuumalizia, labda unafunguka kwa kuuacha. Nitamwimbia mbele ya macho yake kama ulivyotakiwa kuimbwa. Nikifika kwenye "na" nitanyamaza. Ule ukimya ataujua. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa siku ile, mimi nikiwa mgongoni mwa mtu.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni, kifurushi chake tayari, Shija ameenda kuangalia gari. Nikachukua ukulele, nikakaa chini mbele yake.

Nikaimba. Maji yamekwenda mtoni. Mama akainua macho. Moshi umekwenda juu. Akaanza kutikisa kichwa taratibu, anaufuata. Doto amekwenda kwao. Akaweka mkono kifuani. Wakuu, pale nilimwona mama yangu. Nilimwona kabisa, nusu ya uso wake ilikuwa imesharudi.

Nikasema "na", nikapiga ile G7, nikanyamaza. Nikaiacha ikining'inia.

Safari hii sikio halikuwasha. Nilitaka ikae hivyo hivyo siku zote za maisha yangu.

Mama akasubiri. Akaniangalia, akaniona nimekwama. Akasogea mbele kidogo, akanishika goti ili nisione aibu, na kwa sauti ndogo nzuri sana ambayo sikuwahi kumsikia akiimba nayo, akanisaidia.

"Na Kulwa naye."

Kisha akasema, "Ulikuwa umesahau mwisho, mama. Wabeja. Wanangu umewaimba vizuri."

Wabeja ni asante.

Shija akaingia akasema gari limepatikana. Nikawabebea kifurushi mpaka stendi. Mama akanipungia mkono dirishani kama anavyompungia kila mtu.

Ndiyo nilipofikia. Napiga simu, anapokea, tunaongea pamba na mvua, ananiulizia hali ya huku mjini. Ananipenda kabisa, nadhani. Ananipenda kama mwanamke mmoja wa Bariadi aliyempokea vizuri. Neno ng'wanone sijalisikia tena, na nimeshajaribu kuliomba. Alinijibu kwamba hilo ni la mtoto wake.

Ukulele nimeutundika dukani juu ya printa. Nimetoa nyuzi zote. Wateja wanadhani ni pambo.

Kuna wakati najikuta naangalia mikono yangu nahakiki kama ipo. Nilikuwa nacheka wanaoamini vitu hivi. Sasa hivi sijui naamini nini, najua tu kwamba mtu pekee aliyekuwepo nilipozaliwa anasema sipo, na anasema bila ugomvi.

Nilichojifunza, kama ni lazima niseme: ukikuta kitu cha wazee kimeachwa wazi, usijifanye fundi. Muulize mwenye nacho, hata kama atalia. Nilimwonea mama huruma ya dakika tano, nikampa msiba mzima.

Mwenye asili ya Meatu au popote anayejua njia ya kuufungua ule wimbo, aandike hapa chini, sihitaji PM. Mwenye kunitukana naye karibu, nitasoma zote, sina haraka na duka halina wateja mchana huu.

Na kama wewe ni mmoja wa wale waliorudia ule wimbo wakaweka jina lao mwisho, usiogope, kwenu pengine hauna maana yoyote. Ila nakuomba kitu kimoja. Mpigie mama yako leo. Usimwambie chochote. Sikiliza tu anakuitaje.